Mwaka mzima na maktaba ya mkoa: uzoefu wangu, mkulima wa kijijini

Naandika haya kwa wazazi na wakulima wenzangu mnaoishi mbali na mji, mnaodhani maktaba ni ya wanafunzi wa sekondari na vijana wanaosubiri ajira. Mimi nalima viazi mviringo na kufuga kuku wa kienyeji katika mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu. Mwaka jana nilijiunga na maktaba ya mkoa wetu, nikaitumia tangu Januari hadi Desemba. Niseme mapema ninachokiona: kwa mtu wa kijijini, huduma yenye thamani kuliko zote ni kasha la vitabu linalotoka mjini na kuletwa shuleni kwetu. Jengo ni zuri na wahudumu ni waungwana, lakini kasha ndilo lililoingia hadi nyumbani mwangu.

Kujiunga hakuna ugumu. Unajaza fomu, unabandika picha ya pasipoti, unapata mdhamini, unalipa ada ya mwaka ambayo kwangu ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini na kurudi. Ukishapata kadi unaazima vitabu na kwenda navyo nyumbani.

Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Huduma hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Nayataja haya kwa sababu mama yangu ni mtoto wa nyakati hizo. Alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, na mwaka 1973 walikuwa wakikusanyika kwenye redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, kila kikundi na kitabu chake. Anakumbuka pia kabati la vitabu katika ofisi ya kijiji, funguo anazo katibu. Kabati lile halipo siku nyingi. Kwa hiyo kasha lilipofika shuleni, mama hakuuliza ni kitu gani. Aliuliza tu nani anashika funguo.

Anashika mwalimu wa taaluma. Ni kasha la mbao lenye kufuli, limejaa vitabu vya hadithi vya watoto, vichache vya watu wazima, na daftari la kuandikia nani kaazima nini. Kila muhula linarudi mjini na kuja jingine. Barabara yetu ni ya udongo mwekundu, na Machi mvua zilipokaza hakuna gari lililothubutu kupanda mlima, kwa hiyo tulisoma vitabu vilevile hadi watoto wakavikariri. Hilo halikuwa baya kama lilivyoonekana. Binti yangu wa darasa la tatu alikuwa amepita kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kama wenzake, anaunganisha silabi vizuri, lakini sentensi ndefu zilikuwa zinamchosha. Kurudia kitabu kimoja mara nyingi ndiko kulikomtoa kwenye kutamka silabi akaanza kufuata habari yenyewe. Jioni alikuwa anamsomea bibi yake jikoni. Bibi akisikia sehemu imerukwa anasema, "Rudi nyuma, mjukuu wangu, hapo umeniibia." Kufikia likizo ya Juni bibi naye alikuwa na miwani na zamu yake ya kusoma.

Tulipokuwa tunasubiri kasha kwenye kamati, wazazi wengine walihofia watoto wangechana vitabu na sisi tungelipa. Vimechakaa, ndiyo, kitabu kinachosomwa huchakaa. Tulikubaliana darasa la sita na la saba wavifunike kwa karatasi za kalenda za zamani, na utaratibu huo naupendekeza kwa shule yoyote.

Sasa nije kwenye kuku. Mkutubi wa zamu, dada mmoja mtulivu sana, aliniuliza nafanya kazi gani, akanipeleka moja kwa moja kwenye rafu za namba 630, ambako hukaa vitabu vya kilimo na ufugaji. Nilikuwa nimezoea kupoteza kuku kila mwaka kwa ugonjwa wa mdondo (kideri), na kijijini tunauchukulia kama msimu, unakuja na kupita. Kitabu nilichoazima kilieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba ugonjwa huu hauna tiba, una chanjo tu, na kwamba chanjo ya matone iitwayo I-2 hutolewa tone moja kwenye jicho la kila kuku, awe mkubwa au kifaranga, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nilikwenda na maelezo hayo kwa afisa mifugo wa kata, akathibitisha, akatusaidia kuipata. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi mno kwa nyumba moja, kwa hiyo tulichanga akina mama wa kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, na kuchanja nyumba kwa nyumba, jioni kuku wakiwa wameingia bandani. Maarifa haya afisa mifugo alikuwa nayo siku zote. Sisi ndio tulikuwa hatujui tumuulize nini, na kitabu kikatupa swali. Kwenye viazi nako ni hivyo hivyo: nilisoma kwamba mnyauko bakteria hukaa ardhini na hushambulia pia nyanya, kwa hiyo kupanda nyanya baada ya viazi ni kuulisha ugonjwa. Msimu huu kipande kile nimepanda mahindi.

Upungufu upo hapa pia, nao unaniuma. Vitabu vya kilimo vya Kiswahili ni vichache, na vingi ni vya zamani. Rafu ileile ina vitabu vinene vya Kiingereza ambavyo mkulima wa kwetu hawezi kuvitumia. Natamani wanaonunua vitabu wakae siku moja na wakulima kabla ya kuagiza.

Mjini kwenyewe, siku ninayoipenda ni Jumamosi kwenye sehemu ya watoto. Mikeka inatandikwa, mkutubi anasoma kwa sauti, kisha vitendawili. Siku moja walimwalika mzee kutoka kata ya jirani. Akaanza, "Hadithi, hadithi!" na chumba kizima kikaitikia, "Hadithi njoo!" Watoto wa mjini waliokuja na simu za wazazi wao mkononi waliziweka chini bila kuambiwa. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wanafunzi walighani mashairi na ngonjera, na ukumbi ukawa mdogo.

Kuanzia Septemba hali hubadilika. Mtihani wa kidato cha nne uko Novemba, na kila kiti kinakaliwa tangu mlango unapofunguliwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa miongoni mwao. Vitabu teule vya fasihi vilikuwa nakala chache, kwa hiyo viliruhusiwa kusomwa ndani tu, kwa zamu. Wapo waliolalamika. Mimi naona waliamua sawa, maana kitabu kimoja kikienda kwa mtu mmoja, thelathini wanakikosa. Lakini dawa ya kweli ni kununua nakala zaidi kabla ya Septemba, na hilo nimeliandika kwenye kitabu cha maoni.

Chumba cha kompyuta nilikitumia kidogo. Umeme ukikatika kazi husimama. Hata hivyo hapo ndipo nilipooneshwa Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada husomwa bure, na ndipo vijana wengi wa vijijini wanajazia maombi ya mikopo ya elimu ya juu wakiwa na mtu wa kuwaelekeza. Kwa familia isiyo na simu janja, msaada huo ni mkubwa.

Je, nitalipa tena ada mwaka huu? Nimeshalipa, na nimemlipia mama yangu kadi yake mwenyewe.

Kwa kata zinazotaka kasha, fanyeni hivi: barua iandikwe na mwalimu mkuu, igongwe muhuri wa shule, itaje idadi ya wanafunzi na jina la mwalimu atakayewajibika. Ipelekwe maktaba ya mkoa Novemba au mapema Desemba, kwa sababu shule zikifunguliwa Januari maombi huwa mengi. Mwandike wazi kwamba mnataka na vitabu vya watu wazima. Msipovitaja mtaletewa vya watoto peke yake.