Kuhamisha Kanda za Video Hadi DVD: Mashine za Kununua na Mpangilio Wake

Wengi wanaotaka kuhamisha kanda za VHS za harusi, mazishi na sherehe za familia huanza kwa kutafuta kifaa cha kunasia picha za kanda, ilhali kinachoamua ubora wa picha ni deki inayoisoma kanda. Kile ambacho deki imeshindwa kukisoma, hakuna kinasio kitakachokirudisha. Kwa sababu hiyo ningemshauri mnunuzi wa Kisumu, Nakuru au Kakamega aitengee deki sehemu kubwa ya fedha zake, kisha kinachobaki kigharamie vingine.

Kwanza tazama ni kanda za aina gani ulizo nazo. Kanda ndogo za VHS-C huchezwa katika deki ya kawaida zikitiwa ndani ya kaseti maalumu ya kuzibebea. Kanda za Video8 na Hi8 hazina kaseti ya aina hiyo, na anayekuuzia moja anakudanganya. Hizo huhitaji kamera ya mfumo wake. Za MiniDV tayari ni za kidijitali, na njia bora ni kuzinakili moja kwa moja kutoka kwenye kamera hadi kwenye kompyuta kupitia waya wa FireWire, jambo linalochukua takribani gigabaiti 13 kwa kila saa ya picha.

Deki zimeacha kutengenezwa. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kuwa inaziunda, ilisimamisha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016, kwa hivyo kila deki utakayoonyeshwa madukani au kwa fundi ina umri wake, na ni lazima ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Nenda na kanda yako, ila isiwe ile usiyoweza kuvumilia kuipoteza. Icheze, irudishe nyuma, ipeleke mbele kwa kasi, itoe, uiingize tena, huku ukisikiliza kama kuna mkwaruzo na kukagua kama utepe umetoka na mikunjo pembeni. Mistari ya chengachenga kwenye picha inayotoweka unaporekebisha trakingi (jinsi deki inavyoufuata utepe) haidhuru. Isipotoweka, huenda hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, ni chafu au imechakaa. Hedi chafu husafishwa na fundi kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, lakini hedi iliyochakaa haina tiba ya bei nafuu, na deki hiyo ni heri uiache hapo dukani hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Uliza pia kuhusu mfumo wa picha na umeme. Kanda zilizorekodiwa Kenya kwa kawaida ni za PAL, yaani mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, wakati zile zilizotumwa na jamaa walioko Marekani huwa za NTSC. Deki ya kawaida iliyoletwa kutoka Marekani haisomi kanda za PAL, na kwa kuwa imeundwa kwa umeme wa volti 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240 utaiunguza. Deki iliyoletwa kutoka Uingereza hufaa zaidi, na nyingi kati ya hizo zinaweza kucheza kanda za NTSC vilevile.

Deki ikishapatikana, chaguo ninaloliweka la kwanza ni kinasio cha USB kinachounganishwa na kompyuta. Waya wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti, na programu ya bure kama OBS Studio huhifadhi kila kitu katika faili. Faida yake kubwa ni kwamba faili hubaki nawe: unaweza kukata sehemu tupu, kuchoma DVD kumi za ndugu, na bado ukahifadhi nakala kwenye diski kuu ya nje. Vinasio vya bei ya chini kabisa hutofautiana mno, na baadhi havitambuliwi na matoleo mapya ya Windows; kwa hiyo mwombe muuzaji akichomeke kwenye kompyuta yako, kisha urekodi kwa muda wa kutosha kuona kama sauti inabaki sambamba na midomo ya wanaozungumza.

La pili ni rekoda ya DVD inayojitegemea, na kwa asiye na kompyuta ndiyo ya kwanza. Inahitaji maarifa machache tu, na baadhi yake hutuliza picha inayoyumba. Kwa kuwa nayo ni ya mtumba, hakikisha inachoma DVD mbele ya macho yako, na kwamba unajua kama inakubali DVD-R au DVD+R. Usijaze zaidi ya saa mbili katika DVD moja ya gigabaiti 4.7, kwa sababu ukichagua hali ya saa nne picha hubanwa na kufifia. Kanda ya E-180, ambayo ni ya saa tatu, igawanye katika DVD mbili. Baada ya kurekodi, agiza rekoda iifunge DVD (finalize), la sivyo haitasomeka kwenye deki za DVD za nyumba nyingine.

Mashine ya pamoja, yenye deki ya VHS na rekoda ya DVD katika boksi moja, naiweka ya tatu licha ya urahisi wake. Upande mmoja ukiharibika, mashine nzima huenda kwa fundi. Isitoshe, kanda iliyochakaa inaweza kudhaniwa kuwa imekingwa dhidi ya kunakiliwa, na mashine ikakataa kuirekodi.

Sipendekezi hata kidogo vile viboksi vidogo vya kugeuza mawimbi ya deki kuwa HDMI. Huahidi picha safi, lakini vingi huivuta picha ya 4:3, umbo la televisheni za zamani, ijaze skrini pana, watu wakaonekana wanene, na huacha kingo zenye meno kila mtu anaposogea.

Mwenye kanda mbili au tatu tu asinunue chochote. Azipeleke kwa studio inayoaminika, na akubaliane nayo mapema kwamba atarudishiwa kanda zake pamoja na faili, si DVD pekee.

Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria nina sisitizo la ziada. Unyevu huotesha kuvu, na kanda yenye unga mweupe kwenye kingo za utepe isiingizwe katika deki yako, kwani itachafua hedi na kuambukiza kanda zitakazofuata. Itenge na uipeleke kwa fundi wa kusafisha kanda. Na kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa, UPS ndogo (betri inayoshikilia umeme unapokatika) ya kubeba deki na kinasio pamoja inastahili kuwamo katika bajeti kabla ya kebo za bei ghali.