Kiboksi cha dawa cha wiki: kinamfaa aliyepandikizwa figo?

Viboksi vya plastiki vya kupangia dawa viko vya aina nyingi. Cha vyumba 7 kiache hukohuko dukani. Takrolimusi ya kawaida, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, humezwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na chumba kimoja cha kutwa nzima hakiwezi kukuonyesha kama ya usiku umeshaimeza. Nunua cha vyumba 14 ambacho kipande cha kila siku kinachomoka.

Kuchomoka huko si urembo. Siku ya kupima kiwango cha takrolimusi, damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Ukimeza kwanza, kipimo kinapanda na unaweza kupunguziwa dawa bila sababu. Chomoa kipande cha siku hiyo, nenda nacho kliniki, umeze ukishatolewa damu.

Mifuniko ijaribu kwa punje za maharage: jaza, funga, pindua, tikisa. Ila usichague migumu mno. Takrolimusi huwatetemesha wengi mikono, na mfuniko wa kubandua kwa ukucha hurusha vidonge hadi chini ya kitanda.

Kero nyingine ni herufi za Kiingereza, zenye T mbili na S mbili. Bandika plasta uandike J3, J4, J5, Alh na kuendelea. Wino juu ya plastiki tupu hufutika kwa jasho la vidole.

Kasoro kubwa ya kiboksi ni kuingiza unyevu. Kapsuli za takrolimusi hazitakiwi kukaa wazi, sembuse kwenye joto la Dar au Mombasa. Kata karatasi yake ya kiwandani (blista) kwa mkasi, kila kapsuli ibaki imefungwa ndani ya kijumba chake, kisha nyoa zile pembe kali. Hapo ndipo viboksi vyembamba vinaposhindwa: chumba lazima kipokee kapsuli tatu zilizo kwenye karatasi, pamoja na dawa nyingine za aliyepandikizwa, tuseme mikofenoleti mbili, prednisoloni na Septrin, na mfuniko ufunge bila kulazimishwa. Kapsuli ya mikofenoleti ikipasuka, mwenye mimba asiiguse.

Vya wiki 4 sivipendekezi kabisa, hasa miezi ya mwanzo. Majibu ya damu yakitoka, dozi hubadilishwa hata kwa simu, na kiboksi ulichokijaza jana kinakuwa kimepitwa. Toa dawa zote, upange upya huku pakiti ziko mezani, ukisoma namba kwa sauti: kati ya miligramu 0.5 na 5 tofauti ni mara kumi. Ukikuta chumba cha jana bado kimejaa, usimeze mbili kufidia, pigia kliniki.

Kiboksi cha namna hii hakina kufuli la kuzuia watoto, kwa hiyo kikae juu, mbali na bafu na jiko. Kioshe kwa sabuni kila kinapoisha, na kabla ya kukijaza tena kiache kikauke kutwa nzima. Ndiyo maana ni afadhali ununue viwili.