Sola ya kulipa mdogomdogo: kifaa nyota 4, mkataba nyota 2

Jamani hii sola ya seti, ile ya paneli wati 20, kisanduku chenye betri ndani, balbu 3 za LED, redio na waya wa kuchajia simu. Unatoa kianzio, halafu unalipa kwa siku au kwa wiki kwa simu, wanakutumia namba, unaibonyeza kwenye kisanduku kinafunguka. Ukimaliza deni inakuwa yako.

Mwanga nimeukubali kabisa. Kama umezoea kibatari utaelewa, hakuna moshi wa mafuta ya taa kuingia vifuani mwa watoto, hakuna hofu ya moto usiku. Betri ni ya lithiamu, inavumilia kuchajiwa na kutumika kila siku mara nyingi sana kuliko ile ya asidi ya gari.

Ila muuzaji akikwambia inavuta kila kitu piga hesabu mwenyewe. Wati 20 kwa saa 5 za jua kali ni wati-saa 100, ukitoa vumbi, joto na kinachopotea kwenye kuchaji unabaki na kama 70 hivi. Balbu 3 za wati 2 zikiwaka saa 5 zinakula 30, simu mbili zinakula 30 nyingine, redio imemaliza. TV hapo haipo, pasi ndo usiulize kabisa.

Sasa kinachoniuma ni kufungiwa. Wanauziwa watu wa kipato kidogo, watu wa vibarua, leo kipo kesho hakuna, halafu wiki moja hela ikikata taa zote zinazima na paneli iko juani inachaji kama kawaida! Naiomba kampuni kwa moyo wote, fungeni redio, fungeni chaji ya simu, lakini balbu moja iacheni iwake, deni mtalipwa tu.

Kabla hujasaini zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, jumlisha kianzio, kisha linganisha na bei ya keshi, tofauti inaweza kukushtua. Angalia pia kama seti imepimwa na VeraSol, ule mpango wa kimataifa wa kuthibitisha ubora wa vifaa vya sola, maana feki zimejaa na kwa macho huwezi kuzijua. Na uliza betri ikifa baada ya kumaliza deni wanauza ya kubadilisha au ndo ununue seti nzima upya, mimi niliuliza na jibu la kueleweka sijapewa mpaka leo.