Mkataba wa mkongwe: kuwahi au kusubiri?

Kijiweni kwetu Kariakoo tunabishana kila dirisha la usajili: mkongwe aongezewe mkataba mapema, au amalize kwanza uliopo? Besiboli ya Marekani imeonja yote mawili. Machi 2014, Detroit Tigers walimwongezea Miguel Cabrera miaka 8 kwa dola milioni 248, ilhali mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili. Baadaye majeraha yakamwandama, na fedha zikaendelea kutoka hadi 2023. Inauma. New York Yankees hawakuafikiana na Aaron Judge mwanzoni mwa 2022. Msimu huohuo akapiga mipira 62 ya kuvuka uzio, bei ikafika dola milioni 360. Ghali, lakini walijua wanachonunua. Kwa straika wetu aliyevuka miaka 30, mimi ningesubiri msimu uishe, niyaone magoti yake kwanza.