Hadithi Nzuri Iliyogandia Mlangoni

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na msomaji anivumilie. Gemu hili nililingoja kwa miezi mingi, kisha nikalipakua kwa siku tatu mfululizo kwa bando la usiku, nikiamka saa tisa kuhakikisha kwamba mtandao haujakatika, kwa sababu hapa Ujiji faili linalozidi gigabaiti 60 halishushwi kwa mkupuo mmoja.

Hadithi yake inamhusu binti anayerudi nyumbani kumzika baba aliyemfukuza, na aliyeiandika anajua vizuri jinsi ndugu wanavyoweza kununiana msibani. Dada yangu, ambaye kwa kawaida hana habari na magemu, alivuta kiti akakaa. Picha ilikuwa ikishtuka kidogo kila tulipoingia chumba kipya, nasi tukasamehe.

Kisha binti akafika kwa kaka yake usiku, barua mkononi. Mlango ukafunguka, picha ikaganda. Mkono wa kaka ulibaki kwenye kitasa, macho nusu yamefumba, lakini sauti iliendelea, na maneno ambayo hadithi nzima ilikuwa ikiyaelekea yakasemwa na mdomo uliofungwa. Picha ilipozinduka, binti alikuwa ameshapiga magoti analia.

"Kaka, mashine imekufa?" dada aliuliza. Sikuwa na la kumjibu.

Niliwaandikia watengenezaji, wakanijibu kwamba nishushe ubora wa picha. Niliushusha hadi mwisho, nikarudia, ikaganda palepale. Nilipoirudia mara ya tatu bila kugusa chochote, ilipita laini kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa. Sheda, yaani vijiprogramu vinavyoielekeza kadi ya picha namna ya kuchora mwanga na rangi, huweza kuja zikiwa tayari kwenye PlayStation kwa kuwa kadi yake inajulikana. Kompyuta zetu hutofautiana kadi, hivyo sheda hukamilishiwa ndani ya mashine ya mchezaji, na hawa wameamua zikamilishwe katikati ya mchezo badala ya kabla haujaanza. Zikishakamilishwa huhifadhiwa, ila niliposhusha ubora wa picha zilitakiwa nyingine mpya, ndiyo maana iliganda tena. Kipimo kiliniambia kwamba ninapata wastani wa fremu, yaani picha moja moja zinazopita kwenye skrini, 50 na kitu kwa sekunde, wastani ambao hausemi lolote kuhusu fremu moja iliyokaa zaidi ya sekunde nzima. Kwa maneno mengine, gemu hili huenda sawasawa mara ya pili, ilhali maneno ya yule kaka humshtua mtu mara moja tu. Dada alikuwa ameshaondoka.

Nilikusudia kuandika kwamba msilinunue. Sasa nasita, kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria yule binti hata nikiwa kazini, na sikumbuki gemu jingine lililowahi kunifanyia hivyo. Lakini majuzi limekuja sasisho, nikaamini kwamba wametusikia, kumbe limefuta sheda zote zilizokuwa zimeshakamilishwa, na migando imerudi upya hata katika vyumba nilivyokwisha kuvizoea. Fedha nazo hazirudi, kwa kuwa duka hurudisha kwa aliyecheza chini ya saa 2, na mlango ule uko katika saa ya nne. Basi msilinunue, angalau kwa kompyuta.

Sura ya mwisho sijaifungua. Dada ameniuliza mara mbili kama wale ndugu walipatana, nami nimemwomba asubiri.