Sailensa ya Altezza: kupasua ya kiwandani au kununua mpya?

Ukitaka Toyota Altezza yako itoe sauti nzito, kuna njia mbili za kushughulikia sailensa. Njia ya kwanza ni ya fundi wa kuchomelea. Anaipasua sailensa ya kiwandani, anatoa vyumba vya ndani vinavyouzungusha moshi, anapitisha bomba moja lenye matundu na kuiziba tena. Gharama ni ndogo, na kwa nje gari haibadiliki. Lakini akiacha kuzungushia bomba pamba ya kioo inayomeza makelele, sauti inatoka ya bati tupu, na safari ya Nungwi mvumo wake unakuumiza kichwa. Halafu chumvi ya bahari: pale palipochomelewa ndipo kutu inapoanzia, na kisiwani kwetu Unguja haichelewi.

Sailensa mpya ya bomba lililonyooka, ya chuma kisichoshika kutu, ni ghali. Ila pamba imo, sauti ni nzito bila makelele, na ile ya asili unaiweka stoo. Mimi nachukua hii, hasa kwa anayelaza gari karibu na Mji Mkongwe, kuta zinakogusana na majirani wamelala.

Nguvu? Altezza nyingi zina injini ya lita 2 bila tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa). Sailensa peke yake haiongezi cha kuhisi. Anayefaidi ni mwenye Subaru ya tabo, maana tabo huzunguka kwa wepesi zaidi moshi usiposongwa.