GPS ya kusakia jiokeshi Lamu na Malindi: nunua ipi kwanza?

Kila likizo naulizwa swali hilihili, na aliyeuliza hungoja nimtajie kifaa cha bei mbaya. Jibu langu huanza na simu iliyo mfukoni mwake. Nitapanga vifaa kuanzia ninachokipa nafasi ya kwanza, na nitasema kila kimoja hushindwa wapi.

Kwa asiyeujua mchezo wa jiokeshi: mtu huficha mkebe wenye kidaftari ndani, akaweka mtandaoni majiranukta yake, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali ulipo. Wewe unausaka, unatia jina na tarehe, unaurudisha palepale. Ulianza Mei 2000 kule Oregon, Marekani, siku moja tu baada ya serikali ya huko kuacha kuichafua kwa makusudi ishara ya GPS wanayotumia raia.

1. Simu ya Android na powabenki

Programu ya c:geo, ya kusakia mikebe hii, ni ya bure, na Organic Maps hukuongoza kwa miguu bila intaneti. Pakua ramani ya Kenya nyumbani kwenye wifi, usingoje mpaka uko kwenye boti ya Mokowe unahesabu bando. Google Maps pia huhifadhi ramani kwenye simu, lakini bila mtandao haikupi maelekezo ya mtu anayetembea. Na Lamu mjini utaendesha nini, punda?

Ukiwa dukani, kabla hujalipa, fungua programu ya dira uzunguke papo hapo uliposimama. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha sumaku, kwa hiyo mshale hauzunguki nawe. Hugeuka tu ukishapiga hatua kadhaa. Mita kumi kabla ya mkebe, upungufu huo utakutoa machozi.

Sasa tuje kwenye vichochoro. Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, kuta za mawe ya matumbawe zinapanda ghorofa mbili tatu pande zote, na juu unaona utepe mwembamba wa mbingu. Ishara ya setilaiti inagonga ukuta huu na ule kabla haijakufikia, na kile kidoti cha buluu kinaruka kutoka nyumba hii hadi ile ya jirani. Kifaa cha bei kubwa hupunguza tatizo hili, hakiliondoi. Mimi husimama uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, ambako mbingu iko wazi, nikangoja kidoti kitulie. Kisha nasoma umbali na upande, nahesabu hatua, na simu naitia mfukoni. Ikishindikana, wazee wa barazani wapo. Salimia kwanza.

Jambo jingine linalowapoteza watu halihusu kifaa kabisa. Majiranukta ya mchezo huu huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Dakika 54.100 ni dakika 54 na sekunde 6, si dakika 54 na sekunde 10. Ukikosea hivyo kwenye longitudo unasogea mita 120 na ushei upande wa mashariki, na kwa nyumba zilizo karibu na ukingo hiyo ni kutoka kichochoroni hadi majini. Pia, ukiingiza namba hizo Google Maps, latitudo yetu hutanguliwa na alama ya kutoa. Ukiisahau, mkebe wa Lamu unahamia nyika kati ya Wajir na El Wak, kilomita 500 kaskazini.

2. Garmin eTrex SE

GPS hii ya kushika mkononi ndiyo ningenunua kwa pesa yangu kama mtu anatoka nje ya mji: msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede chini ya miti, mikoko ya njia ya majini kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Ilitoka 2023, ikiuzwa takriban dola 150 Marekani. Kwetu ongeza usafiri na ushuru. Inakula mawe mawili ya AA, na kampuni inataja hadi saa 168. Tafuta ya alkalini au ya kuchaji, yale ya bei ya kutupa hayafiki mbali. Ina vitufe, kwa hiyo vidole vyenye maji ya chumvi havikwamishi kazi kama kwenye kioo cha simu. Kioo chake hakina rangi, lakini jua la saa saba mchana linakisaidia badala ya kukiua. Haina ramani ndani. Utaona mshale na umbali, basi. Kwa Takwa jua pia kwamba hakuna GPS itakayokwambia maji yamekupwa na mashua haipiti. Hilo muulize nahodha.

3. eTrex 22x iliyotumika

Hii ina ramani za rangi, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na saa 25 kwa mawe mawili ya AA. Ukiipata kwa bei ya maana, chukua, ila ikague. Mimi na binamu yangu tulinunua GPS ya mtumba Mombasa, tukaijaribu kwenye nguzo ya Vasco da Gama, Malindi. Tumesimama tumeigusa nguzo yenyewe, mshale unatuambia tuendelee mita 300 na zaidi kusini, yaani baharini. Binamu akaanza kumlaani aliyetuuzia. Kumbe mwenyewe wa kwanza alikuwa ameiweka kwenye Arc 1960, kipimo cha ramani za zamani za wapimaji ardhi wa Kenya. Tukaibadilisha kuwa WGS 84, kipimo cha GPS na cha mchezo huu, kwenye mipangilio, nguzo ikarudi mahali pake. Kwa hiyo muuzaji akikuruhusu, fungua ukurasa huo mbele yake. Fungua na kifuniko cha betri: ukiona ukungu wa kijani kwenye vyuma, ni chumvi, mrudishie.

4. Garmin GPSMAP 67

Inapokea masafa zaidi ya moja ya setilaiti, na ndiyo inayohangaika kidogo kuliko zote vichochoroni. Ilizinduliwa kwa takriban dola 500. Kama kazi yako ni kutembeza wageni, sawa. Kama ni mchezo wa Jumapili, hapana.

5. Saa ya mkononi

Usiinunue kwa ajili ya hili.

Chenji ikibaki, nunua kisanduku cha chakula cha plastiki angavu, kiwe mkebe wako mwenyewe wa kuficha. Kitu kilichozungushiwa utepe mweusi na kusukumwa chini ya baraza, Lamu, kitaitiwa polisi. Andika juu yake kwa Kiswahili ni cha nini, na umwombe ruhusa mwenye nyumba.